Mrejesho: umeme wa karakana katika gereji ya nyumbani
Niliuliza kama kompresa na mashine ya kuchomelea zingeweza kutumia soketi za kawaida za gereji, nanyi mkanishauri nijumlishe kwanza mzigo wote. Kompresa ya kilowati 2.2 kwenye volti 230 huvuta zaidi ya ampea 10 ikiwa kazini, lakini inapowashwa huvuta mara kadhaa ya hapo, ndiyo maana fundi umeme mwenye leseni ameipa saketi yake yenye breka ya aina C, ambayo haijikati kwa mvuto mkubwa wa muda mfupi wa kuwasha. Mashine ya kuchomelea imepata waya wa milimita za mraba 6 na soketi ya ampea 32. Taa zina saketi yake, ili breka ya mashine ikijikata nisibaki gizani huku msumeno ungali ukizunguka. Kwangu hilo ndilo lililostahili gharama kuliko yote. Umeme wa fazi tatu, yaani wa nyaya tatu za moto kwa mizigo mikubwa, nimeuacha, kwa kuwa kompresa na mashine ya kuchomelea siziendeshi kwa pamoja.