Mpira wa soksi unaodumu uchochoroni

Mama Manzese
Wakuu, habari za jioni. Uchochoro wetu hauzidi mita nne kwa upana, baraza zinatazamana. Watoto wa miaka sita hadi kumi na tatu wanacheza chandimu, soka la mtaani, kila siku. Mpira wa dukani unavunja vioo na kutua kwenye sufuria za mama ntilie. Wa matambara wanaoufunga wenyewe unafumuka siku ya pili, na ukilowa unakuwa jiwe. Unafungwaje ukadumu? Na majirani tunaelewana nao vipi bila kuwafungia watoto ndani?

Fundi wa Kamba
Dada, unafumuka kwa sababu kamba inazungushwa tu bila mafundo. Ikikatika sehemu moja, yote inalegea.

Anza na sponji ya godoro ukubwa wa ngumi. Gazeti likilowa linakuwa uji na mpira unabonyea upande. Zamani sponji ilivikwa rambo, ile mifuko laini ya plastiki, isinywe maji. Tangu marufuku ya Juni 2019 hizo haziruhusiwi, ila mfuko wa mkate unatosha. Zungushia fulana kuukuu iliyochanwa upana wa vidole vitatu. Kitenge hakivutiki, kinaacha mikunjo. Kila mizunguko mitatu, geuza mpira robo, la sivyo unatoka kama yai.

Ukifikia ukubwa wa nazi iliyofuliwa, vika soksi ndefu. Vuta, sokota mdomo, pindua irudi juu yake, rudia mpaka soksi iishe, kisha shona. Soksi tatu zinatosha. Juu suka wavu wa nyuzi za kiroba au katani, na kila nyuzi zinapopishana piga fundo. Macho yawe ya vidole viwili. Likikatika moja, mtoto anaunga hilo hilo tu na mchezo unaendelea.

Jirani wa Baraza ya Pili
Mpira laini ni nusu ya kazi. Magoli yafuate urefu wa uchochoro, matofali mawili kwa kila goli, hatua mbili kati yake, na nyuma pasiwe na dirisha. Mpira ukipita juu ya kiuno ni faulo, na goli lihesabiwe tu kama shuti limepigwa ndani ya hatua tano. Sheria hizo mbili ndizo zinazookoa vioo.

Muda: saa kumi na nusu hadi adhana ya magharibi. Kwa mama ntilie nendeni kabla ya mechi ya kwanza, mumuulize anaepua saa ngapi. Chagueni mzee mmoja anayeshinda barazani, malalamiko yote yapitie kwake. Kila jirani akifokea watoto kivyake, wanahamia barabara ya daladala, na huko ndiko kwenye hatari.

Dada Rede
Wasichana je? Watengeeni siku mbili za rede, mchezo wa kukwepa mpira unaorushwa, uchochoro wote uwe wao. Mpira wake ni soksi moja na matambara, ukubwa wa chungwa, bila kamba kwa sababu mafundo yanachubua mgongo. Warushaji wawili wasimame hatua nane mbalimbali. Aliye katikati ajaze chupa mchanga huku akikwepa.

Mama Manzese
Asanteni sana. Ukilowa je?

Fundi wa Kamba
Ukamue, uning'inize penye upepo siku mbili. Ukiuchezea na unyevu ndani, nyuzi za katani zinaoza na utaufunga upya wote.