Tupeane uzoefu: filamu za vitisho na vichekesho tulizozitazama tukibaleghe

Ndugu zangu wa Mombasa, naomba tusimuliane kuhusu filamu zinazochanganya kicheko, vitisho na habari za kukua, kwa kuwa wengi wetu zilitukuta katika umri ambao hakuna mtu mzima aliyetueleza kinagaubaga mwili unatupeleka wapi.

Mimi niliitazama Teen Wolf, ya mwaka 1985, katika kibanda cha video huko Majengo, nikiwa na miaka 13, tumebanana kwenye benchi la mbao. Michael J. Fox anaigiza Scott, mchezaji wa mpira wa kikapu anayeanza kuota manyoya na kucha. Siku anayogeuka, amejifungia bafuni huku baba yake akibisha na kutaka afunguliwe. Anapofungua, anamkuta baba naye amegeuka mbwa mwitu. Kibanda kizima kiliangua kicheko, lakini mimi koo lilinikaba, maana wiki hiyohiyo sauti yangu ilikuwa imekatika katikati ya kaswida tukijiandaa kwa Maulidi, nikakataa kurudi madrasa. Usiku ule nilimuuliza baba kama yake iliwahi kukatika. Aliweka chini kikombe cha kahawa, akanambia ilimkatika akiadhini, mtaa mzima ukisikia.

Dada wa Kibokoni:
Ahsante, kaka. Yangu ni Ginger Snaps, filamu ya Kanada ya mwaka 2000, niliyoitazama na dada yangu mlango ukiwa umefungwa. Ginger anashambuliwa na mnyama usiku uleule anapovunja ungo, na muuguzi wa shule anawahakikishia yeye na mdogo wake, kwa uchangamfu mwingi, kwamba mabadiliko yote ni ya kawaida. Hapo tulicheka hadi machozi. Somo wangu alinifunza usafi, leso na adabu, nami namshukuru, ila hakunitajia ile hasira iliyonifanya nirushe bakuli la mbaazi ukutani kwa sababu nisiyoijua hadi leo. Linaloniuma ni kwamba Scott akigeuka anashangiliwa na shule nzima, ilhali Ginger anaishia kufa mikononi mwa mdogo wake. Naomba wanaume mliomo humu mlitafakari hilo.

Mzee wa Likoni:
Mwanangu, umesema kweli, na hata hadithi zetu zina upungufu huo. Bibi alitusimulia juu ya mwanamke mrembo anayeomba kusindikizwa usiku, na kijana akiinamisha macho anaona kwato mahali pa nyayo. Nikiwa na miaka 15, msichana wa jirani alinisalimu kwenye feri, nami nikamtazama miguu kabla ya kumtazama uso. Alikuwa amevaa kandambili za bluu. Aliona nilivyomtazama, akasogea upande wa pili wa feri, wala sikupata nafasi ya kumwomba radhi.