Nampeleka mama kulala Mji Mkongwe, magoti yanamsumbua: chumba cha chini au cha juu?

BintiMoro

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu habari zenu. Naomba ushauri wa watu wanaoujua Mji Mkongwe wa Unguja kwa miguu yao.

Mama yangu ana miaka 67. Alipoolewa mwaka 1981, marehemu baba alikuwa karani bandarini Malindi, wakapanga chumba mtaa wa Kiponda miaka mitatu. Kaka yetu mkubwa alizaliwa huko. Baadaye wakahamia bara, sisi tumekulia Morogoro, na mama hajarudi Unguja hata siku moja. Mwaka huu nimejikusanya, nataka kumpeleka siku nne. Nilimtajia hoteli ya ufukweni Nungwi akakataa katakata. Akasema, "Bahari nitaiona kwenye boti. Mimi nataka kulala mjini, nisikie adhana, nisikie watu wakisalimiana chini ya dirisha."

Shida ni magoti. Ngazi anapanda, ila ziwe za kawaida na ziwe na pa kushika. Nimeona gesti mbili. Ya kwanza iko Hurumzi: kitanda cha samadari, chai ya asubuhi inanyweka juu ya paa, picha zinavutia mno. Nilipouliza chumba kiko ghorofa ya ngapi nikajibiwa "ngazi chache tu". Ya pili iko Malindi, chumba cha chini kabisa, bei nafuu, lakini kwenye picha sioni dirisha.

Naogopa chumba cha chini kwa sababu mwaka 2019 nililala kimoja humo mjini, gesti sitaitaja. Ukuta ulikuwa unatoa jasho, shuka zinanuka unyevu, nikarudi nyumbani na kikohozi cha wiki nzima. Siwezi kumlaza mama mahali kama pale. Nifanyeje?

Mwenyeji wa Mkunazini

Waalaikum salaam dada, na mfikishie shikamoo yangu bimkubwa. Kazaa Unguja, basi huyo ni wetu.

Hilo jibu la "ngazi chache" usilikubali. Nyumba zetu zilijengwa kwa desturi yake. Chini palikuwa duka, ghala au mahali pa kupokelea wageni wa biashara, na wenye nyumba wakikaa darini, yaani ghorofani, kwenye upepo. Viwanja ni vidogo, kwa hiyo ngazi hazikupewa nafasi ya kutambaa. Zimesimama wima na kila kidato kina kimo chake. Mtu mzima mwenye magoti mabovu atapanda dari ya kwanza akipumzika. Dari ya tatu atapanda siku anayofika na siku ya pili atashinda chumbani, na hilo silo alilolifuata.

Omba dari ya kwanza. Usiulize ghorofa kwa namba, maana wengine huanza kuhesabu tangu chini na wengine hawahesabu chini. Mwambie anayepokea wageni atoke nje mpaka mlango wa barabarani, ashike simu, apige video huku anatembea, mpaka afike kitandani. Hesabu vidato mwenyewe, na utazame kama kuna kamba au mbao ya kushika upande wa ukuta. Akikataa kukurekodia video ya dakika moja, huyo hatakusaidia usiku mama akiumwa.

Chande_K

Dada, mimi nashauri tofauti. Chukua lodji ya kisasa Kikwajuni au Kilimani, gari linafika mlangoni, ngazi za kawaida, bafu la kawaida. Asubuhi unachukua teksi mpaka Darajani, mnazunguka mjini, jioni mnarudi kulala. Bibi yangu nilimpeleka hivyo na alifurahi. Kwa mtu wa miaka 67 usalama kwanza.

BintiMoro

Kaka Chande, asante, na kwa mzazi mwingine ningefanya hivyo hivyo. Ila mama anachokitaka kinapatikana saa kumi na moja alfajiri na saa tatu usiku. Mchana angeweza kuona mji hata kwenye televisheni. Nikimlaza nje ya mji nitakuwa nimemtembeza tu, sijamrudisha.

Dada wa Mapokezi

Nimefanya kazi gesti za Mji Mkongwe miaka kumi na moja, sasa niko nyumbani nalea. Dada, wote mnazungumzia ngazi na hakuna aliyetaja bafu, na wazee wengi niliowaona wakianguka walianguka bafuni.

Nyumba hizi hazikujengwa na bafu ndani ya kila chumba. Mabafu yameongezwa baadaye kwa ajili ya wageni. Ili bomba la maji machafu lipate mteremko, sakafu ya bafu imeinuliwa, kwa hiyo mlangoni pana kizingiti kirefu, mara nyingine vidato viwili, na vigae vinateleza. Mzee anaamka saa nane usiku, amesahau kama hayuko kwake, anakanyaga hewa. Uliza kimo cha hicho kizingiti. Uliza kama choo ni cha kukaa. Omba kigoda cha mbao cha kukanyagia na ndara zisizoteleza, watakupa bila malipo. Omba pia taa ndogo iwake usiku kucha.

Kuhusu chai ya juu ya paa: mwambie mwenye gesti mapema kwamba mama atanywea chumbani au ukumbini chini. Tulikuwa tukiwashushia wazee sinia kila siku, hakuna anayenuna.

Maji na umeme nayo usisahau. Ulizia kama wana tanki juu ya paa na jenereta au betri ya akiba. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na waliokuwepo wanakumbuka ulipokatika Desemba 2009 kisiwa kikakaa gizani mpaka Machi 2010. Siku hizi si kama vile, lakini panga boi likizimika usiku wa joto, chumba kisicho na dirisha hakikaliki.

Fundi Chokaa

Nimesoma habari ya ukuta uliotoa jasho ikanigusa, maana hiyo ndiyo kazi yangu.

Kuta za mji huu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake hufika nusu mita. Jiwe hilo lina vitundu. Linafyonza maji kutoka ardhini na kuyatoa polepole kupitia plasta ya chokaa, nayo chokaa inayaachia hewani. Akija mtu akapiga saruji juu yake, akamalizia na rangi ya mafuta, ameuziba ukuta pumzi. Maji hayana pa kutokea, yanapanda na kutafuta njia, yanakutokea wewe kitandani. Nimebandua plasta za saruji nikakuta nyuma yake mawe yanapukutika kama unga. Inaniuma kila ninapoona mwenye nyumba ametumia fedha nyingi kuiua nyumba yake akidhani anaitengeneza.

Kwa hiyo dada, kosa la kile chumba cha 2019 halikuwa kuwa chini. Kuna vyumba vya chini vikavu kabisa, vyenye ua wa ndani unaovuta hewa. Tazama picha vizuri. Ukuta mweupe usiong'aa, wenye mabonde madogo ya mkono wa fundi, huo ni chokaa. Ukiona rangi inang'aa halafu kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno imeota malengelenge, usilipe. Na ukifika, ingia kwanza unuse, mizigo ibaki mlangoni.

Jambo moja zaidi. Vyumba utaviona vyembamba na virefu, usidhani umepunjwa. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi sana mita tatu, ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Roshani za mbao ni nzuri kutazama, lakini usimwache mama aegemee kabla hujaitikisa mwenyewe. Beit al-Ajaib, hapa hapa mjini, ni jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, na sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikaua watu wawili. Mbao na chokaa vinataka kuangaliwa kila mwaka, na si kila mwenye gesti anaangalia.

Mtoto wa Malindi, Muscat

Salaam kutoka Oman. Nyumba ya bibi yangu iko nyuma ya msikiti wa Malindi, nalala hapo kila nikija likizo, kwa hiyo naongea kama jirani.

Tafuta nyumba ya ukingoni mwa mji, usiende katikati. Gari haziingii vichochoroni. Hurumzi ni pazuri, lakini kutoka teksi inapokushusha mpaka mlangoni kuna mwendo, na mawe ya njia yanateleza mvua ikinyesha. Ukiwa Malindi, au Kiponda upande wa Mizingani, bandari iko karibu na teksi inafika hatua chache na mlango. Hospitali ya Mnazi Mmoja nayo unaifikia haraka kwa gari, kwa mtu mzima hilo lijue kabla ya safari.

Mkishuka kwenye boti papasi, yaani madalali wa wageni, watawazunguka, kila mmoja atakwambia gesti yako imejaa na yeye anajua nyingine. Usibishane nao. Mwombe mwenye gesti amtume mtu wake mwenye jina lako, na mizigo abebe hamali kwa bei mliyopatana kabla hajaigusa.

Piga simu gesti moja kwa moja, zungumza Kiswahili, uliza bei ya mkaazi. Bei ya mtandaoni imewekewa wageni wa nje na ina gawio la wenye mtandao. Uliza pia kama kodi zote zimo ndani ya bei hiyo. Mama abebe kitambulisho chake cha NIDA, tiketi ya boti inaandikwa jina.

Mkaya

Naongezea majira. Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, vyumba vinajaa. Machi hadi Mei ni masika, bei inashuka lakini vichochoro vinajaa maji na unyevu wa kuta unazidi, kwa mama si wakati wake. Mimi ningekwenda Septemba: joto halijapanda, upepo wa kusi umeanza kulegea, bahari imetulia kuliko Julai. Kwenye boti kaeni chini, sehemu ya nyuma, hapatikisiki sana.

Bi. Mwanaidi wa Lamu

Mwanangu, huku kwetu Lamu nyumba ni hizo hizo za mawe, na ngazi ni hizo hizo. Mimi nina miaka 70 na nazipanda kila siku. Siri ni kushuka: mama ashuke kinyumenyume kama anayeshuka ngazi ya dau, mkono ukutani, na wewe uwe chini yake, si juu yake. Mwambie asione haya. Sisi sote twashuka hivyo.

BintiMoro

Nimerudi ndugu zangu, tumeshakwenda. Naandika kwa sababu mlinipa muda wenu.

Ile ya Hurumzi ilikataa kutuma video. Ya Malindi ilituma, na ukuta ulikuwa na yale malengelenge aliyoyasema Fundi Chokaa, mpaka usawa wa kiuno kama alivyoandika. Nikapata ya tatu, Kiponda upande wa Mizingani, vyumba sita tu, mwenye nyumba anaishi humo humo na mkewe. Dari ya kwanza, vidato 17 nilivyohesabu kwenye video, mbao ya kushika ipo. Shilingi elfu 90 kwa usiku, watu wawili, na chai ya asubuhi. Tulikwenda Septemba.

Kizingiti cha bafu kilikuwa kirefu kweli, dada wa Mapokezi. Nilipowaambia habari ya kigoda, walikuwa nacho tayari, kimechongwa kwa ajili ya wazee. Kushuka kinyumenyume mama alikataa siku ya kwanza. Siku ya pili mke wa mwenye nyumba, naye mtu mzima, akashuka hivyo mbele yake bila kusema neno, na toka hapo mama akawa anashuka hivyo.

Usiku wa kwanza sikulala, nilikuwa namsikiliza. Adhana ya alfajiri ilipoanza msikiti mmoja, ukaitikia wa pili, kisha wa tatu kwa mbali, nikaona amekaa kitandani gizani na ushungi umeshafungwa. Mama ni Mkristo, tangu azaliwe. Akaniambia kwamba mwaka 1981, akiwa mgeni hana hata jirani anayemjua, baba yuko zamu ya usiku bandarini, adhana hiyo ndiyo iliyokuwa ikimwambia kwamba usiku umekwisha na baba anakaribia kurudi.

Nyumba waliyopanga tuliikuta. Mlango ni ule ule, misumari ya shaba imebaki michache, ila dari imeanguka na ndani umeota mpapai. Mama alikaa baraza ya nyumba ya mbele karibu saa nzima. Mzee mmoja akapita na birika la kahawa, akamtazama sana, akamwuliza, "Wewe si mke wa yule karani wa Morogoro?" Akamtaja baba kwa jina lake. Akammiminia kahawa, akakataa hela.

Siku ya kuondoka mama alitaka kuongeza usiku mmoja, lakini chumba kilikuwa kimeshachukuliwa. Tumeshaweka nafasi ya Septemba ijayo, chumba kile kile, na kaka naye anakuja.