Naomba ushauri: pikipiki CG125 yazima ikipata moto

Salamu ndugu zangu. Niko Likoni, nina Honda CG125 ya zamani, ile ya platini (swichi ya injini inayokata umeme ili plagi itoe cheche), naifufua mwenyewe hapa nyumbani. Asubuhi yawaka kwa kiki moja. Ikishapata moto, hasa kwenye foleni ya feri, yazima na haiwaki tena mpaka ipoe. Kabureta nimeosha, plagi ni mpya, nafasi za valvu nimeweka milimita 0.08, hata kifuniko cha tangi nimekilegeza. Bado. Ikizima hivyo, cheche huwa hafifu, nyekundunyekundu. Fundi mmoja asema koili, ile inayokuza umeme wa plagi. Mimi nashuku kondensa, kile kifaa kidogo kinachohifadhi umeme na kulinda platini (na mfuko wangu waniunga mkono).

Nitavipimaje vikiwa bado vya moto, kabla sijanunua? Na kondensa ya gari yaweza kufaa?