Mrejesho: Nilivyowapeleka wanangu kwa bibi yao Tanga

Wadau, niliuliza hapa niwapeleke wapi wanangu tukienda Tanga kumsalimia mama, maana wao wamezaliwa Dar na nyumbani walikuwa wanakusikia tu. Wengi mlisema mapango ya Amboni. Tumeenda, na nawashukuru sana.

Mapango yako kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, njia ya Mombasa. Yapo kumi, ila wageni huingizwa moja tu. Vaeni viatu vyenye kushika, chini panateleza, na kuna sehemu mtu mzima lazima ainame hasa. Mwongozaji alipozima tochi, binti yangu mdogo alining'ang'ania mkono. Popo wanapiga mbawa juu na huoni hata kidole chako. Kutoka nje akataka turudi ndani!

Ufukweni Raskazone tulikwenda jioni, watoto wakaogelea mpaka giza.

Lakini kilichonigusa zaidi ni mitaa ya Ngamiani, hapo hapo mjini Tanga. Mama, pamoja na magoti yake, alikataa bajaji. Akatutembeza barabara kwa barabara, zile zinazoitwa kwa namba, akiwaonyesha wajukuu alipoolewa, alipojifungulia, nyumba ya shangazi yangu marehemu. Kila baraza tunasimama: "Shikamoo bibi." "Marahaba, huyu wa nani?" Asubuhi ni mbaazi za nazi na mandazi, zile nzito, tui limeganda juu.

Aliyenishauri magofu ya Tongoni, mvua ilituzuia. Mama ameshasema tukija Idi atatupeleka mwenyewe.