Nakala ya sheria "isiyo na maandishi" katika mtihani unaoruhusu vitabu: mpaka uko wapi?

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Baada ya wiki mbili darasa letu litafanya mtihani wa Sheria ya Ushahidi, na safari hii tumeruhusiwa kuingia na vitabu. Tangazo lililobandikwa ubaoni lina sentensi moja tu: kila mtahiniwa aje na nakala ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6 ya Sheria za Tanzania, isiyo na maandishi. Sentensi hiyo imeligawa darasa zima.

Nakala yangu nimeipiga mistari kwa penseli, na nimebandika vipande vya karatasi za rangi ili nifike upesi kwenye vifungu vya ungamo, mashahidi na mzigo wa kuthibitisha. Vilevile, juu ya maneno magumu ya Kiingereza nimeandika maana yake kwa Kiswahili, kwa sababu nilisoma sheria hii kwa kuhangaika na lugha kwanza kabla ya kuhangaika na sheria yenyewe. Je, hayo ni maandishi kwa maana ya tangazo? Na je, nikiingia na toleo la 2002 nililochapa kutoka kwenye intaneti, nitakuwa nimekosea? Naogopa kuonekana mdanganyifu kwa jambo nililolifanya kwa nia njema.

Aliyewahi kusimamia mitihani

Mdogo wangu, nimesimama kwenye milango ya vyumba vya mitihani kwa miaka kadhaa, na jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba anayekagua nakala yako mara nyingi si mwanasheria. Hana namna ya kujua kama neno uliloandika juu ya mstari ni tafsiri au ni jibu la swali la tatu. Anachokiona ni mwandiko wa mkono, na maelekezo aliyopewa yanasema mwandiko hauruhusiwi. Usitegemee kumweleza nia yako pale mlangoni, huku watahiniwa mia moja wakisubiri nyuma yako. Mistari ya penseli wasimamizi wengi huiacha. Vibandiko vitupu huachwa pia, lakini kibandiko kilichoandikwa "ungamo" tayari ni maandishi.

Wakili

Nakubaliana na kaka hapo juu, nami naongeza yaliyonipata. Nilinunua nakala ya sheria kwa mwanafunzi aliyekuwa amemaliza chuo, nikaifuta penseli ukurasa kwa ukurasa, lakini sikufungua jalada la nyuma upande wa ndani. Mwenye nakala wa kwanza alikuwa ameandika hapo mistari minne ya muhtasari kwa wino hafifu. Msimamizi aliiona saa ya kwanza ya mtihani, akaichukua nakala, na saa mbili zilizobaki nilijibu bila sheria mezani. Chuo chenyewe sitakitaja. Kamati ilinisikiliza na hatimaye ikaniondolea tuhuma, ila matokeo yangu yalizuiliwa kwa muhula mzima, na mama yangu aliyekuwa akinilipia ada aliniuliza kila wiki kama nimeiba mtihani. Dada, kagua nakala yako yote usiku wa kuamkia mtihani, pamoja na majalada.

Mhadhiri wa sheria

Naomba nianze na suala la toleo, kwa kuwa ndilo linaloweza kukuangusha hata kama nakala yako ni safi kama ilivyotoka kwa mpiga chapa. Kifungu cha 127(2) katika toleo la 2002 kinaitaka mahakama ijiridhishe kwanza kuhusu akili ya mtoto mdogo na uelewa wake wa wajibu wa kusema kweli. Marekebisho ya mwaka 2016, kwa Sheria Na. 4 ya mwaka huo, yaliondoa utaratibu huo, na sasa mtoto wa umri usiozidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo mradi aahidi kwanza kuiambia mahakama ukweli na kutosema uongo. Mtahiniwa mwenye toleo la 2002 atanakili kifungu neno kwa neno, kwa uangalifu mkubwa, na jibu lake litakuwa limekufa miaka mingi iliyopita. Toleo la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limebadilisha pia namba za vifungu katika sheria kadhaa. Kwa hiyo andika mwanzoni mwa jibu ni toleo gani unalolitumia. Kama una toleo la zamani, chukua nakala ya sheria ya marekebisho ikiwa peke yake, wala usiikate na kuibandika ndani.

Kuhusu alama, mimi hujiuliza swali moja: je, alama hii inampa mtahiniwa kitu ambacho mpiga chapa hakukiweka? Mstari chini ya maneno haumpi. Lakini tuseme, kwa namba za toleo la 2002, umeandika "3(2)" pembeni ya kifungu cha 110. Ni tarakimu mbili tu, ila kifungu cha 110 kinaeleza nani ana mzigo wa kuthibitisha, na kiwango cha uthibitisho, yaani kutoacha shaka ya maana katika jinai na mizania ya uwezekano (upande upi una uwezekano zaidi wa kuwa kweli) katika madai, kimewekwa mbali kabisa, huko kwenye kifungu cha 3 cha tafsiri ya maneno. Kujua kwamba viwili hivyo husomwa pamoja ndiko hasa ninakokupima. Tarakimu hizo ni maandishi, tena ni maandishi mazito.

Suala la Kiswahili linaniuma, na nitasema wazi kwamba hapo naona kanuni zetu zimechelewa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na Kiingereza hutumika pale haki inapohitaji. Kumnyang'anya mwanafunzi nakala kwa kuwa ameandika "ungamo" juu ya neno la Kiingereza ni kumpima lugha katika mtihani wa ushahidi. Hata hivyo, kanuni ikiwa bado ipo, futa, kisha uombe kwa maandishi kuingia na kamusi ya sheria iliyochapwa. Na mwalimu aliyetoa tangazo la sentensi moja anapaswa kubeba sehemu ya lawama, kwa maana neno "maandishi" bila ufafanuzi humwachia msimamizi kutunga sheria mlangoni.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Nawashukuru sana, Mwalimu na kaka zangu. Kiongozi wa darasa alimwandikia mhadhiri wetu jana, na majibu yamebandikwa ubaoni leo: mistari inaruhusiwa, vibandiko vitupu vinaruhusiwa, neno au tarakimu yoyote ya mkono hairuhusiwi, na toleo la 2002 halitapokelewa. Kamusi iliyochapwa imekubaliwa, nami nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nilikuwa nimeshafuta hadi kifungu cha 60 cha nakala yangu ya 2002. Wenzangu watatu nao bado wana nakala za 2002, na kesho asubuhi tunakwenda pamoja kudurufu toleo jipya.