Msaada: gemu nimeliondoa, draiva zake za kinga zimebaki kwenye XP ya plota

Fundi Stika
Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kwa mnaozijua kompyuta za zamani.

Nakata stika za bodaboda, daladala na vibao vya maduka. Plota yangu, yaani mashine ya kukatia stika, ni ya siku nyingi, programu yake inakubali Windows XP peke yake, na CD ya kuiinstoli haipo tena. Kompyuta haina mtandao, kazi zote zinaingia kwa flashi. Mdogo wangu alipata CD orijino ya gemu la magari kwenye kompyuta za mtumba, akaiinstoli humo humo. Gemu nimeshaliondoa kwa njia ya kawaida na folda lake halipo.

Juzi nimefungua Device Manager, ile orodha ya vifaa na draiva (programu ndogo zinazofanya kazi ndani kabisa ya Windows), nikabofya "Show hidden devices". Kwenye kundi la Non-Plug and Play Drivers nimekuta StarForce Protection Environment Driver, nyingine Helper Driver, Synchronization Driver na VFS Driver. Chini yake kuna Secdrv, Hardlock na Haspnt. Nimeuliza mtaani nikaambiwa zote ni kinga za kuzuia watu wasikopi CD, nizifute zote.

Plota inakata vizuri, hakuna kilichoharibika. Ila sitaki kitu ambacho sikukiomba kikae ndani ya Windows inayolisha familia yangu. Nizitoe zote? Naanzia wapi?

Kijana wa Ilala
Piga Windows upya mkuu, nusu saa tu umemaliza.

Nahodha wa Ziwa
@Kijana wa Ilala, kasema CD ya programu ya plota hana. Akipiga Windows upya, ofisi imefungwa.

@Fundi Stika, usiguse kitu kwanza. Nijibu swali moja: nyuma ya hiyo kompyuta kuna kijidude kimechomekwa kwenye USB, au kwenye pothi ya printa, ambacho kikichomolewa programu ya plota inagoma kufunguka?

Fundi Stika
Kipo, cha USB. Fundi aliyeniuzia plota alinionya nisikipoteze.

Nahodha wa Ziwa
Basi Hardlock na Haspnt ndizo draiva za hicho kijidude. Zilitengenezwa na Aladdin, kampuni ya Israeli, na zimetumika miaka mingi kwenye programu za kuchora, za uhasibu na za kukata stika. Mtaani wamekwambia kweli kwamba nazo ni kinga ya nakala, lakini hiyo ni kinga ya programu yako ya kazi. Ukizitoa, kijidude kitaendelea kukaa pale nyuma na Windows haitakitambua, na programu itakwambia ufunguo haupo. Kwa hiyo hizo mbili ziache kabisa.

Hili nalisisitiza kwa sababu neno "protection" linawafanya watu waone kila kitu kuwa kirusi. Orodha uliyoifungua ina draiva nyingi za Windows yenyewe pia. Toa unachokijua kwa jina, basi.

Bintikilindi
Naongezea kuhusu Secdrv. Hiyo ni ya SafeDisc, kinga ya Macrovision, na haikuletwa na gemu la mdogo wako. Microsoft waliiweka ndani ya XP wenyewe ili CD za magemu zifanye kazi. Desemba 2007 walilazimika kutoa kiraka cha usalama, MS07-067, kwa sababu iligundulika kwamba mtu mwenye akaunti ndogo angeweza kuitumia kujipa mamlaka yote ya kompyuta. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 iliikataa kabisa. Kwako, kama humo hakuna gemu jingine la CD, izime tu bila kuifuta. Fungua cmd (dirisha la kuandikia amri) uandike:

sc config secdrv start= disabled

Hiyo nafasi baada ya alama ya = ni lazima iwepo, usipoiweka amri haikubali.

Zinazobaki ni hizo nne za StarForce, kinga ya Warusi. Ndizo ulizokuja kuziulizia, na hapo nakuomba usiende kwa pupa. Zinaamka mwanzoni kabisa Windows inapowaka, kabla hujaona hata sehemu ya kuandika nywila. Ukifuta faili kwa mkono huku rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) bado inaliita, unaweza kukutana na skrini ya bluu.

Kuna mfano wa mwaka 2005 ambao kila fundi anapaswa kuujua. CD za muziki za Sony BMG zilikuwa zinaficha programu ya kinga ndani ya Windows. Mark Russinovich akaigundua kwenye kompyuta yake na kuitangaza tarehe 31 Oktoba. Huyo ni mtu anayeijua Windows kwa undani kuliko karibu mtu yeyote, lakini alipoyafuta yale mafaili, draivu ya CD (kifaa cha kusomea CD) ikatoweka, kwa sababu programu ile ilikuwa imejipachika katikati ya Windows na draivu. Ilibidi aingie kwenye rejista kuirudisha. Halafu kifaa cha kuondolea kilichotolewa rasmi kwa njia ya mtandao kikakutwa na Felten na Halderman wa Princeton kinaacha tundu la hatari kwenye kompyuta. Mtu amenunua CD yake halali kwa pesa yake, halafu anafanyiwa hivyo. Mimi bado jambo hili linaniuma.

Fundi Stika
Dada Bintikilindi, asante sana. Nimeelewa kwa nini nisifute ovyo. Sasa hizo nne zinatokaje?

Nahodha wa Ziwa
Kwanza nakala ya diski nzima. Sisemi kopi ya mafaili, nasema diski yote ilivyo, ikiwa na Windows na kila kitu. Tumia Clonezilla, ya bure, ila chukua ile ya biti 32 maana mashine za umri huo nyingi hazikubali biti 64. Ichome kwenye CD kama kompyuta haiwaki kwa flashi, na nakala iende kwenye diski ya nje. Hata kama usingekuwa na tatizo la gemu ningekwambia ufanye hivi, kwa sababu diski ya zamani ikifa, programu ya plota inakufa nayo.

Baada ya hapo tengeneza restore point, alama ya kuirudisha Windows ilivyokuwa. Kisha fungua regedit, programu ya kufungulia rejista, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Class, utafute folda linaloanza na {4D36E965. Hilo ni la draivu za CD. Angalia kama kuna UpperFilters au LowerFilters (hapo ndipo programu hujipachika kati ya Windows na draivu), na kama ndani yake kuna jina linaloanza na "sf". Likiwepo, simama hapo hapo urudi hapa utuambie.

Kama halipo, endelea. StarForce wenyewe walitoa kifaa kidogo cha kuondolea, sfdrvrem.exe. Kipakue kwenye kompyuta nyingine kutoka kwa watengenezaji wenyewe, si kwenye zile tovuti za "kusafisha draiva", kikague kwa antivairasi, kipeleke kwa flashi. Ingia kama msimamizi, kiendeshe, zima na uwashe. Kufuta gemu kwanza ulifanya vyema, maana gemu likifunguliwa tena draiva zinarudi.

Ukikikosa hicho kifaa, bofya kulia kila moja kati ya zile nne kwenye Device Manager, chagua Uninstall. Kila ikikuuliza kuwasha upya, kataa hadi umalize ya nne.

Kompyuta ikigoma kuwaka, bonyeza F8 mapema uchague Last Known Good Configuration. Ufanye hivyo kabla hujafanikiwa kuingia, kwa sababu ukishaingia kwenye akaunti yako, Windows inaandika kumbukumbu mpya juu ya ile ya zamani.

Mzee wa Kopi
Mdogo mtu naye msimsahau. Ubisoft waliachana na StarForce mwaka 2006 baada ya kelele za wachezaji, na leo magemu mengi ya enzi zile yanauzwa GOG, duka la magemu la mtandaoni, bila kinga yoyote. Atafute huko, aliweke kwenye kompyuta nyingine.

Fundi Stika
Wakuu, nimerudi. Nakala ya diski ninayo. Kwenye ile {4D36E965 hakukuwa na jina la "sf". Nimetumia sfdrvrem, nimewasha upya, zile nne hazipo tena kwenye orodha. Hardlock na Haspnt zipo, plota imekata jina la daladala bila shida, na CD inasoma. Ila kwenye system32\drivers bado naliona faili la sfvfs02.sys. Nilifute?

Nahodha wa Ziwa
Nenda regedit, CurrentControlSet\Services, utafute sfvfs02. Kama haipo, hakuna tena kinacholiita hilo faili. Libadilishe jina liwe sfvfs02.bak, fanya kazi zako wiki nzima ukiwasha na kuzima kama kawaida, kisha ulifute.